Neno Yenye Ilivunja Pua ya Yaya

Bantu benye hawajue hand, mupira ya mikono, banafikiri ni mchezo ya kurushiana mupira, kama batoto mu cour ya masomo. Ukibaambia ulicheza hand, banakuangalia na sura ya huruma: "Ah, c'est gentil, ça." Gentil, kitu ya kupendeza! Miye nilikuwa nasimama katikati ya ukuta ya benye kukinga, mbele ya golkipa yetu, mahali kwenye adui anatuma pivot. Pivot ni mwanamuke munene mwenye kazi yake ni kukugeuzia mugongo na kukusukuma na matako saa nzima. Arbitre, mwenye filimbi, akiangalia upande ingine, anakufinya mbavu. Unamurudishia. Anakukanyaga. Unamurudishia. Ikifika mi-temps, mapumziko, munajuana mwili kuliko bwana na bibi.

Na kuko colle. Vidole yote tunapaka ile ulimbo ili mupira inate mu mukono. Mupira inanata, lakini na kofi inanata. Muntu akikupiga kofi ya hand, mukono haitoke mara moja, inaondoka polepole na inakuvuta ngozi. Mwaka yangu ya kwanza adui mumoja alinishika nywele. Kisha alitaka kuniachilia, nywele ikakataa. Tulizunguka bawili pale kama bantu benye kucheza rumba, mpaka arbitre akatutenganisha. Kesho yake nikanyoa kichwa yote.

Mwenye aliniingiza mu hii maneno ni yaya, vile kwetu tunaita ndugu mukubwa. Si yaya wa tumbo moja. Timu nzima tulikuwa tunamwita yaya, hata bazungu, bale banafikiri njo jina yake. Alikuwa wa Lubumbashi, na trente-six ans, myaka makumi tatu na sita, anafanya kazi ya kuosha bazee na kubalisha mu home moja ya ku Forest, mutaa moja ya Bruxelles, na njo alikuwa capitaine. Aliniona ku arrêt, kwenye tram inasimama, mu Saint-Josse, siku yenye kijana mumoja alitaka kunyanganya maman mumoja sakosh. Nilimushika ile kijana na jacket, nikamulalisha chini, nikamukalia. Nilikuwa nangojea polisi nikiwa juu yake, nakula frites yangu ya viazi, kwa sababu ilikuwa bado moto.

Yaya akasimama mbele yangu, akaniangalia kama vile unaangalia mbuzi ku soko.

"Weye mutoto, mardi jioni unafanyaka nini?"

"Kwani?"

"Kuko mahali unaweza kufanya hivi, na bantu banakupigia makofi."

"Makofi ya kusifu ao ya ku mashavu?"

"Yote mbili," akasema.

Hakudanganya.

Miye niko wa Bukavu. Masomo nilifika sita ya primaire, kisha vita ikanitoa darasani na sikurudi tena. Ku Bruxelles nilikuwa naosha ma bureau asubuhi, jioni naenda kupigwa. Ile wakati simu yangu bado ilikuwa ile ya kukunja, na nilikuwa na meno yote.

Ile saison njo tuliingia mu coupe d'Europe, kombe ya Ulaya. Ile ndogo, si ile ya batajiri. Sheria yake ni rahisi: unacheza na timu moja mara mbili, banajumlisha ma but, mipira yenye iliingia golini, ya match zote mbili, mwenye iko na kidogo anarudi kwao na hakuna mutu atamuuliza tena. Timu kama yetu, yenye haina feza ya kupanda ndege kila wiki, inapatana na adui: match yote mbili inachezwa mahali pamoja, samedi na dimanche, jumamosi kisha jumapili. Ni kusema muntu mwenye alikuvunja samedi, dimanche asubuhi unamukuta anakunywa kahawa pembeni yako.

Round ya kwanza tulipata basichana ya visiwani, bazuri, benye harufu ya mafuta ya juwa. Tulibapiga tu. Round ya pili timu moja ya milimani. Bale njo balitupiga, lakini tukapita na but mbili. Kidole yangu kikubwa ilitoka mahali yake, nikaona inaangalia upande yenye haifai, nikaanza kupiga kelele. Yaya akaishika, akaivuta, ka! Ikarudi.

"Unalia nini? Ni kidole, si mutoto yako."

Round ya tatu, yenye kupeleka ku quart de finale, robo fainali, njo ilikuwa na maneno. Timu yetu haikupitaka pale hata siku moja. Yaya alijaribu mara tatu mu maisha yake, mara tatu akaanguka pale pale. Na ile saison ilikuwa ya mwisho kwake. Bega yake ilikuwa imechoka, usiku hakuweza kulalia upande ya kuume. Alituambia mu vestiaire, kwenye tunabadilishaka nguo, bila kulia, bila hotuba: "Miye nataka quart de finale moja. Moja tu. Kisha nitawaachia amani." Tulijua kama hatatuachia amani, lakini tulijua pia kama iko anasema kweli.

Sasa munisikilize vizuri juu ya luga, juu shida yote ilitoka pale.

Mu ukuta, muntu wa katikati anapashwa kupiga kelele ili bengine bajue kwenye banaenda. Ukipiga kelele na français, adui mwenye alisoma anasikia. Alors yaya na miye tulikuwa tunasema Kiswahili. "Kushoto!" "Kuume!" "Muache!" Na ile kubwa kuliko yote: "Funga!" Ni kusema funga mulango, mukaribiane, bega na bega, hata panya asipite. Basichana bengine, bazungu na ba Marocaine, balijifunza ile maneno kama kasuku. Hata kocha, muzungu wa Saint-Gilles mwenye hajue kusema hata jambo, alikuwa anasimama pembeni anapiga kelele "Founga! Founga!" na mishipa ya shingo inasimama.

Kisha, mu katikati ya saison, akakuja Mutanzania.

Alikuwa anaishi kwa bazungu fulani, anabalelea batoto. Mwembamba, mwepesi, anakimbia mpaka unafikiri kuko mbwa nyuma. Kocha akamuweka ku aile, pembeni, kazi yake kupiga ma but tu. Tukirudi kukinga, yeye anatoka, muntu mwengine anaingia mahali yake. Kiswahili yake ilikuwa ya kupigwa pasi. Anasema "naomba unipatie chupa ya maji, tafadhali." Yaya anamwangalia: "Huyu anaongea kama Biblia." Yeye naye akinisikia, anashika kichwa: "Jamani, wewe Kiswahili hiki umekiokota wapi?"

"Mu njia," ninamwambia. "Kilikuwa kimeanguka toka ku mufuko yako."

Yaya hakumupenda. Hapana kwa ubaya. Mutanzania alimuita "dada" siku ya kwanza, na yaya alifikiri ni kumuzeesha. Kitu kidogo vile.

Ile timu ya round ya tatu ilitoka kaskazini, kule kwenye juwa inalala saa tisa ya muchana. Barefu kama nguzo ya umeme. Mumoja wao alikuwa na numero quatorze, kumi na ine, anatumia mukono ya kushoto, na kila mara akiruka kupiga, kiwiko yake inapanda mbele kama pembe ya ng'ombe. Samedi, salle ya michezo ya Forest ilijaa. Kulikuwa tonton mumoja, muzee mwenye anakujaka kila match na kofia ya baridi, hajue sheria hata moja. Muntu akianguka, wetu ao wao, anasimama kuomba kadi: "Carton! Carton!" Ile siku hakukaa chini.

Mbele mi-temps haijafika, Quatorze alikuwa amepasua mudomo ya musichana wetu mumoja na kuvunja kidole ya mwengine. Mwenye kuvunjika kidole njo alikuwa anaingia mu ukuta mahali ya Mutanzania. Kocha akaangalia banc ya benye kungojea, hakuna muntu. Akamwambia Mutanzania: "Toi, tu restes." Unabaki. Unakinga.

Hakuna mutu aliwaza kumuuliza kama anajua maneno. Kwani si ni Muswahili? Bazungu tuliwafundisha neno moja moja. Yeye tulimuacha, juu yeye njo mwenye luga.

Alikinga vizuri. Alipigwa kiwiko ku shingo, akakohoa, akaendelea. Tukafika mwisho wa match, vingt-quatre à vingt et un, 24 kwa 21, siye mbele na tatu, inabakia dakika mbili hivi. Bale banashambulia. Yaya akamuona Quatorze anarudi nyuma kuchukua mwendo.

"Funga!" akapiga kelele. "Funga! Funga!"

Miye nikasogea kwa yaya. Upande yangu ya kushoto ilipashwa kukuja Mutanzania. Nikangojea bega yake. Nikasikia viatu: kwi, kwi, kwi, zinaenda mbali. Nikageuza kichwa. Mutanzania alikuwa amekwisha kupita katikati ya salle, peke yake, mbio ya mwizi, mukono juu, anaomba mupira yenye hatuna, kama muntu mwenye anasimamisha bus.

Mu ukuta yetu kulikuwa shimo yenye camion ya kuhamisha vitu ingepita na bibi dirishani. Quatorze akaingia. Yaya akajitupa kuziba. Kiwiko ikapanda. Sauti yake ilikuwa ile ya kuvunja muguu ya kuku. Mupira ikaingia, yaya akaanguka chali, damu ikatoka mu pua haraka mpaka ikamujaza macho. Hakupiga kelele. Alikuwa anapiga sakafu na mukono tu, pa, pa, pa, na kwa sababu ya colle kila kofi ilikuwa inatoa sauti mara mbili, ya kushuka na ya kutoka.

"Carton!" tonton akalia. Ile mara alikuwa na haki. Ba arbitre hawakutoa kitu.

Bila yaya tukaingizwa ingine. Vingt-quatre à vingt-trois, 24 kwa 23. Tulikuwa tumeshinda na but moja, na hakuna mwenye alicheka.

Mu vestiaire, yaya aliingia na serviette ya kuoga ku uso, serviette yenye ilikuwa nyeupe. Akaenda straight kwa Mutanzania. Hakusema bonsoir. Alimupiga kofi, ile kofi ya ulimbo, nikaona shavu ya mutoto wa bantu inafuata mukono.

"Ulifanya makusudi! Ulitoka mu ukuta!"

"Dada, wewe mwenyewe—"

"Usiniite dada!"

Mutanzania akamusukuma. Yaya akagonga armoire ya nguo na mugongo, bega ile yenye kuuma, akalia kama nyama ya pori. Pale na miye nikapoteza akili. Nikamushika Mutanzania misuko, nikamuingiza ku douche, bafuni, tukaanguka bote, robinet ikafunguka, maji ya baridi juu yetu. Alinipiga goti hapa, chini ya kitovu. Nikamupiga ku sikio. Akaniuma mukono. Yaya akafika juu yetu na kiatu, anatafuta kichwa gani ni ya nani.

Njo Mutanzania akapiga kelele, mudomo imejaa mukono yangu:

"Si umesema funga! Umesema funga, nimeenda kufunga!"

"Kufunga nini?" nikauliza. Misuko yake bado iko mu mikono yangu.

"Goli! Kufunga goli!"

"Goli inafungwa namna gani? Iko mulango?"

"Goli linafungwa! Mchezaji anafunga bao! Kila mtu anajua!"

Yaya akabakia na kiatu juu. Maji inaanguka.

Munielewe. Kwetu Bukavu, kwa yaya Lubumbashi, but tunaingiza. Mupira ku radio tulisikia na français. Kufunga nilijua mbili tu: kufunga mulango, na kufunga siku tatu kwa maombi. Kumbe kule Dar-es-Salaam mutoto anazaliwa anasikia kama kufunga ni kupiga but! Yaya alimwambia karibia, yeye akasikia kimbia ukapige. Na alikimbia na moyo yote. Alifikiri tumekamata mupira na capitaine anamutuma yeye, yeye mugeni, amalize match. Aliniambia kisha kama ilikuwa mara ya kwanza yaya anamuonyesha imani.

"Ukitaka kuziba," akasema, "si useme ziba?"

"Ziba," nikasema. Nikaijaribu mu mudomo. Ile kila mutu anaisikia. Unaziba chupa, unaziba shimo, unaziba mudomo ya mutu.

Msichana mumoja muzungu alikuwa amesimama pale na shampoo mu mukono. Alikuwa ameona damu, misuko, kiatu, na sasa anaona batatu tunakaa chini ya maji tunazungumuza polepole.

"Mais elles disent quoi?" akauliza: hawa banasema nini?

"C'est rien," nikamujibu. "C'est le vocabulaire." Si kitu, ni misamiati tu.

Mutanzania akaanza kucheka. Na miye nikacheka, mukono inatoka damu mahali meno yake iliuma. Tulicheka mpaka tumbo ikauma, mahali alinipiga goti. Yaya hakucheka. Aliweka kiatu chini, akakamata serviette yake, akatoka.

Nilimupeleka ku hôpital. Munganga alikuwa kijana, mupole, akamushika pua na vidole mbili, akasema atahesabu mpaka tatu, akavuta ku mbili. Yaya akamushika shati. Munganga akamwambia: kesho hakuna sport. Yaya akajibu "oui docteur" na sauti ya muntu mwenye anasema non.

Mu tram ya kurudi Saint-Gilles alikuwa na coton mu matundu zote mbili na plâtre, bandeji ngumu, juu ya pua, bantu banahama viti. Nilijaribu kumuchekesha.

"Yaya, unaona sasa? Hakuna mwenye kosa. Ni neno tu."

Akaniangalia. Macho yalikuwa yanaanza kuvimba.

"Unafikiri hiyo inanisaidia?"

Alikuwa na haki. Saa moja kabla ya pale alikuwa na muntu wa kuchukia, muntu mzima mwenye shavu. Sasa alibakiwa na neno. Neno, unaipiga wapi?

Tulipita arrêt mbili. Kisha akasema:

"Ile wa kiwiko. Alicheka, wakati nilikuwa chini?"

"Sikuona. Nilikuwa nakuangalia weye."

"Mm," akasema.

Dimanche, saa ya misa, tulikuwa mu couloir, njia ya ndani ya salle, Mutanzania na miye, tunafanya mazoezi ya neno. Miye nasema "Ziba!", yeye anaruka ananigonga bega. "Ziba!" Bega. Dame wa buvette, mwenye kuuzisha vinywaji, akatuambia tuende kupigana inje. Shavu ya Mutanzania ilikuwa na alama ya vidole ine, unaweza kuzihesabu.

Yaya akafika na sac yake. Uso yake yote ilikuwa imekuwa pua. Kocha akamwambia arudi nyumbani. Yaya akamupita kama unapita poteau ya umeme. Akasimama mbele ya Mutanzania.

"Ukisikia ziba, unaingia hapa." Akamushika mabega, akamuweka kwenye anapashwa kuwa. "Ukitoka, nitakuuwa."

"Sawa, da—" Akameza. "Sawa, yaya."

Yaya akamupiga kidogo ku kichwa, kama unapiga tikiti kusikia kama imeiva. Nikafikiri: bon, imeisha, tunaenda quart.

Match ya dimanche sijaonaka kama ile. Hatukukuwa tena tunacheza. Pivot yao alinipiga kichwa ku kidevu, nikameza kipande ya jino. Ile kipande sikuiona tena. Nilimurudishia goti ku mupaja, arbitre akaniona, akaninyooshea vidole mbili: deux minutes, dakika mbili, inje, timu inabakia na muntu moja kidogo. Nikarudi, akaningojea, tukaendelea. Mutanzania alipokea bega yote ya adui mu tumbo, akatoka ku ligne ya kiwanja, akatapika, akajipangusa na maillot, jezi yake. "Chai yangu jamani, na nilitia hiliki!" akasema, akarudi mu ukuta. Kila mara yaya anapiga kelele "Ziba!", yule Mutanzania anafika, bega yake inagonga yangu kwa nguvu mpaka nilikuwa nataka kumwambia: dada, mupole, miye si adui.

Na yaya! Alipumua na mudomo saa nzima. Coton ikijaa damu anaibadilisha mbio mbio mbele arbitre hajamutoa. Alikuwa amekata mipira tatu, ameingiza ine. Quatorze hakukuja upande yake. Alikuwa anapita mbali.

Ilibakia dakika mbili na kitu. Vingt et un partout, 21 kwa 21. Pamoja na but moja yetu ya samedi, tulikuwa ndani ya quart. Tungeweza kukaa pale, kuziba, kuziba tena, na yaya angepata kitu yake.

Bale balikuwa na mupira, upande ya mbali. Quatorze hakukuwa nao. Ile mara alikuwa amesimama tu mbele ya yaya, anapumua. Na akafanya hivi: akagusa pua yake mwenyewe na vidole mbili, akainua nyusi, akatabasamu kidogo.

Labda alikuwa anachekelea. Labda alikuwa anauliza kama inauma bado. Kwao labda njo vile bantu banaomba samahani. Hata leo sijue, na yeye sitamuona tena nimuulize.

Niliona mugongo ya yaya inanyooka.

"Ziba!" Mutanzania akapiga kelele. Yeye njo aliona mbele ya bote. Alikuwa amekwisha kufika kwenye alipashwa kufika, bega yake ku bega yangu. "Ziba, yaya! Ziba!"

Yaya akatoka mu ukuta. Hakukimbia. Alitembea hatua tatu kubwa, na akamupiga Quatorze ngumi. Si kofi, si kumusukuma, ngumi ya bega yote, ile bega yenye haikukubali hata mutu alale juu yake. Quatorze alianguka vile nguo inaanguka ku kamba. Nyuma yao, mu shimo yenye yaya aliacha, mupira ikapita, pivot yao akaikamata, akanizunguka, akaingiza. Filet ya goli ikatikisika na pua ya Quatorze ikapasuka karibia pamoja.

Kisha kila mutu akaingia. Pivot yao alinishika shingo. Mutanzania alirukia mugongo ya muntu mwenye alimuzidi mara mbili, akamuziba macho na mikono, na kwa colle mikono ikakataa kutoka, bakazunguka. Golkipa wao akanipiga teke ku mbavu. Kocha wetu alikuwa katikati, anasema "Mesdames, mesdames," mpaka mutu akamupiga na chupa ya maji. Tonton alikuwa amesimama juu ya banc, hana sauti tena, anainua tu mukono: carton, carton.

Arbitre akampa yaya rouge, kadi nyekundu. But yao ikahesabiwa. Yaya akatoka bila kuangalia mutu, mulango ya couloir ikajifunga nyuma yake.

Tulikuwa na muntu moja kidogo. Nilipiga kelele mimi mahali yake. Ziba, ziba. Lakini ukuta yenye kukosa muntu mumoja wa katikati, unaziba nini? Bakaingiza ingine. Vingt-trois, 23 kwa 21 yetu. Mupira ya mwisho tukampa Mutanzania ku aile. Aliruka vizuri, akakaa mu hewa mpaka nikafikiri hatarudi chini. Adui akamusukuma kiuno pale juu, akapiga mupira akiwa anaanguka, golkipa akaitoa na muguu. Mutanzania akashuka na mugongo, mapafu ikasema hhh. Sirène ya kumaliza ikalia.

But moja. Tulikuwa inje na but moja.

Yaya alikuwa mu couloir, anakaa chini pembeni ya machine ya kahawa, mukono ya kuume juu ya magoti. Ilikuwa imevimba mpaka vidole haikuonekana mifupa. Kutoka pale hauone match, unasikia tu. Alikuwa amesikia sirène na kelele yenye haikukuwa ya kwetu. Nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Niko na vitu ya kuchekesha kila siku, hata ku matanga. Nikafungua mudomo, nikasikia hewa ya baridi inaingia mu jino yenye ilivunjika, nikafunga.

Mutanzania akafika anatembea na mukono ku kiuno kama maman mwenye mimba. Akaketi chini polepole, upande ingine ya yaya. Machine ya kahawa ilikuwa inalia peke yake.

"Ulisema ziba," yaya akasema.

"Nilisema."

"Nilisikia." Akageuza kichwa, akamuangalia na ile macho yenye ilibakia mistari mbili. "Usifikiri sikusikia. Nilisikia vizuri sana."

Mutanzania akatikisa kichwa. Kisha akavuta muguu ya yaya juu ya magoti yake na akaanza kumufungulia kamba ya kiatu, juu na ile mukono ya kuvimba yaya hangeweza tena.